Barua ya wazi: fuvu lifike Maramba bila kutoka Dar es Salaam

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Elimu Tanzania, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Makumbusho ya Taifa la Tanzania, na Mheshimiwa Kamishna wa Uhifadhi wa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro.



Uhalisia ulioongezwa ni ufundi wa kuonyesha kilichopo na kisichokuwepo kwenye kioo kimoja. Kamera ya simu au ya kishikwambi huionyesha meza ya darasani kama ilivyo. Programu huweka juu ya meza hiyo fuvu lenye pande tatu, na mwanafunzi akiizunguka meza, fuvu nalo hujifunua ubavuni, kisogoni, mpaka chini ya taya. Kwenye video mtazamaji hupelekwa anakopelekwa. Hapa huamua mwenyewe atazame wapi. Tena ufundi huu hauhitaji miwani ya kumfunika mtu macho yote. Darasa hubaki darasa, mwalimu akionekana, rula na daftari vikiwa mezani.

Kwa somo la chimbuko la binadamu ufundi huu si pambo. Mwalimu wa bayolojia wa Maramba, wilayani Mkinga, mkoani Tanga, humtuma mtoto nje akalete jani la mhogo. Wa jiografia hunyoosha kidole kuelekea Usambara Mashariki, na mlima upo pale pale. Mwalimu wa historia akifika kwa zamadamu hana cha kushika wala cha kunyooshea kidole. Ana ubao, chaki na mchoro mdogo wa kitabuni ambao ukishapita kwenye fotokopi mara mbili tatu, fuvu na jiwe havitofautiani. Hivyo ndivyo nchi yenye Oldupai na Laetoli, maeneo ya masalia ya zamadamu, inavyofundisha Oldupai na Laetoli. Malalamiko ni haya.

1. Mifupa ya Tanzania imekwisha kuvishwa nyama kwa ufundi wa namna hii, ila Berlin.

Kati ya mwaka 1909 na 1913 masalia ya dinosaria yalichimbwa Tendaguru, Lindi, kwa mikono ya vibarua wengi wa huko chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, yakabebwa hadi pwani na kupakiwa melini kwenda Ujerumani. Kiunzi kikubwa kuliko vyote kimesimama katika Makumbusho ya Historia Asilia ya Berlin, kimo chake kikizidi mita 13. Ukumbi huo ulipofunguliwa upya mwaka 2007 uliwekewa darubini maalumu: mgeni akiielekeza kwenye mifupa, huona viungo vya ndani vikirudi mahali pake, kisha misuli, kisha ngozi, halafu mnyama anaanza kutembea. Hao ni dinosaria, si zamadamu, na suala la kuyarudisha masalia yale linastahili barua yake. Hapa kinachohusu ni kalenda tu. Mtoto wa Berlin amekuwa akiuona mfupa wa Lindi ukivaa nyama tangu 2007. Mtoto wa Mkinga bado anasomea mchoro, hata kwa mifupa ambayo imo nchini.

2. Vitu vyenyewe havionekani kirahisi, na havipaswi kuonekana kirahisi.

Fuvu la Zinjanthropus, au Zinj kwa ufupi, ambalo wataalamu huliita OH 5, liliokotwa na Mary Leakey katika bonde la Oldupai tarehe 17 Julai 1959, siku ambayo mumewe Louis alikuwa amelala kambini na homa. Lilikuwa vipande vipande, vikaunganishwa. Likazunguka kwa wachunguzi nje ya nchi hadi lilipokabidhiwa Tanzania mwaka 1965, na tangu hapo liko chini ya Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam. Lina umri wa takriban miaka milioni 1.75, kipimo kilichotangazwa mara ya kwanza mwaka 1961 kutokana na majivu ya volkano yaliyolizunguka. Hakuna mtu mwenye akili atakayeomba fuvu hilo lizungushwe mashuleni ndani ya sanduku.

Laetoli ina ulinzi mkali zaidi. Nyayo za eneo linaloitwa G, zilizofukuliwa na timu ya Mary Leakey kuanzia mwaka 1978, ni takriban 70, zimeenea kwa zaidi ya mita 20, na zina umri wa miaka milioni 3.66. Zilibaki kwa sababu majivu ya volkano yalilowa mvua, yakakanyagwa, kisha yakakauka na kufunikwa na majivu mengine. Mwaka 1979 zilifukiwa ili zisiharibike. Udongo uliotumika ukawa na mbegu za migunga, migunga ikaota juu ya kaburi lile, na mizizi ikatishia kupasua kilichodumu miaka milioni tatu na ushei. Kati ya 1994 na 1996 Idara ya Mambo ya Kale na Taasisi ya Uhifadhi ya Getty ya Marekani walizifukua, wakazisafisha na kuzipima, wakazifukia upya kwa vitambaa vya kuzuia mizizi na tabaka za mchanga na mawe.

Maana yake ni kwamba hata tajiri anayefika Laetoli kwa gari la kifahari haoni nyayo zile. Huona nakala. Basi kama nakala inamtosha mtalii aliyevuka bahari, kwa nini nakala ya kidijitali isimfikie mwanafunzi wa Maramba, ambaye yuko zaidi ya kilomita 400 kutoka Oldupai hata ukipima kama ndege anavyoruka? Makumbusho mapya ya Oldupai yalifunguliwa mwaka 2017, na kwenye njia panda ya kwendea huko yamesimamishwa mafuvu mawili makubwa ya kumbukumbu. Ni kazi nzuri. Ni kazi ya mpita njia anayekwenda Serengeti.

3. Michoro iliyopo haiishii kuwa haba tu, inafundisha makosa.

Hili ndilo lalamiko zito kuliko yote, na ndilo linalosahaulika zaidi pale watu wanapozungumzia teknolojia kwa furaha. Mchoro unaojulikana kuliko yote katika somo hili ni ule wa foleni: nyani aliyeinama nyuma kabisa, mbele yake mwingine aliyenyooka kidogo, mpaka mtu anayetembea kifua mbele. Ulipata umaarufu kutoka kitabu cha Kimarekani cha mwaka 1965 na umenakiliwa duniani kote. Mwanafunzi anayeukariri huondoka akiamini kwamba Zinj alimzaa Homo habilis, huyo akamzaa anayefuata, kila mmoja akingoja zamu yake.

Bonde la Oldupai lenyewe linakanusha. Mwaka 1960, umbali mfupi kutoka alipolala Zinj, ndipo yalipopatikana masalia ya mtoto aliyepewa namba OH 7: taya la chini, vipande vya fuvu, mifupa ya mkono. Mwaka 1964 Louis Leakey, Phillip Tobias na John Napier waliyatumia kutangaza Homo habilis. Wote wawili wametoka tabaka la chini kabisa la bonde, umri wao unakaribiana. Waliishi mahali pamoja. Zinj alikuwa na magego makubwa na taji la mfupa utosini lililoshika misuli ya kutafunia. Ukoo wake ulikoma zaidi ya miaka milioni moja iliyopita bila kuacha mjukuu. Mafuvu mawili yakiwekwa juu ya meza moja kwa uhalisia ulioongezwa, kila moja kwa ukubwa wake wa kweli, foleni huvunjika yenyewe. Mwalimu hahitaji kuhubiri.

Lakini teknolojia hiyo hiyo inaweza kudanganya vizuri kuliko mchoro. Zinj hakupatikana na taya la chini. Taya linaloonekana kwenye sanamu nyingi zake limekisiwa kwa kufuata taya la zamadamu wa jamii yake lililookotwa na Kamoya Kimeu mwaka 1964 huko Peninj, karibu na Ziwa Natron. Ni makisio ya kitaalamu, na ni mazuri, ila mtoto anayeona fuvu kamili likicheka kwenye kioo hana njia ya kujua. Nywele, rangi ya ngozi, umbo la midomo na sauti haziachi alama kwenye mfupa. Programu nyingi za kibiashara humwanzishia mtoto na sura yenye manyoya inayonguruma, kwa sababu hiyo ndiyo inayouza. Katika nchi iliyowahi kudharauliwa na wageni waliotumia picha za namna hiyo hiyo, uchaguzi wa ngozi na pua ya zamadamu hauwezi kuachiwa kampuni ya michezo ya simu.

4. Kifaa kipo, cha kuweka ndani yake hakipo.

Vishikwambi vilivyohesabia watu katika Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi ile. Simu za wanafunzi zimekatazwa shuleni na zibaki zimekatazwa. Kishikwambi kimoja cha mwalimu kinatosha kikundi baada ya kikundi. Tangu Januari 2024 mtaala mpya umeanza kutekelezwa, na ndani yake lipo somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili. Kifaa kipo, somo lipo, lugha ipo. Aliyekosekana ni mwenye fuvu.

5. Pwani imesahauliwa kama vile haina wazee wake wa kale.

Panga ya Saidi ni pango katika vilima vya Kilifi, Kenya, kilomita kama 15 kutoka baharini. Kwa mstari ulionyooka liko karibu na Maramba kuliko Oldupai kwa zaidi ya mara mbili. Humo, karibu mita 3 chini ya sakafu ya sasa, watafiti wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa nje walipata kaburi la mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu aliyezikwa takriban miaka 78,000 iliyopita, kaburi la kale kuliko yote ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana Afrika. Wakamwita Mtoto. Dalili za kwanza zilionekana mwaka 2013, shimo lenyewe likafikiwa 2017, na matokeo yakachapishwa Mei 2021. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani; namna mifupa ilivyokaa iliwafanya watafiti waone kwamba mwili ulikuwa umefungwa kitu na kichwa kimewekewa mto.

Mifupa yake ilikuwa laini kama majivu, ikaondolewa pamoja na udongo wake ndani ya plasta na kuchunguzwa kwenye maabara ya Burgos, Hispania, sehemu kubwa ya kazi ikifanywa kwa mionzi na kompyuta. Kwa hiyo Mtoto, jinsi alivyolala, anaonekana vizuri zaidi kwenye umbo la kidijitali kuliko mahali pengine popote. Wanafunzi wa Mkinga wana ndugu ng'ambo ya mpaka wa Horohoro. Habari hii ni ya nyumbani kwao. Nayo yataka adabu. Ni maziko, si kichezeo, na familia za Kiislamu za pwani, ambazo hulaza maiti kwa ubavu wa kulia, zitautambua ule ubavu mara moja na kuuliza maswali. Hilo ni jambo jema. Walimu kadhaa hupita mbio kwenye mada ya chimbuko la binadamu kwa kuogopa kugombana na imani za wazazi. Kaburi lililochimbwa kwa huruma ni mlango wa upole zaidi kuliko mchoro wa nyani.

Yanayoombwa ni machache na yanatekelezeka.

Kwanza, Makumbusho ya Taifa na Mamlaka ya Ngorongoro zitoe kwa shule maumbo ya pande tatu ya Zinj, ya masalia ya OH 7, na ya nyayo za Laetoli za maeneo G na S. Hizo za S ziligunduliwa wakati wa uchunguzi wa mwaka 2014 na 2015, zikatangazwa mwaka 2016 na timu iliyoongozwa na Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na zilipimwa kwa picha nyingi zilizounganishwa na kompyuta. Kazi ngumu imekwisha kufanyika. Hofu ya kwamba umbo likitoka nje nchi itapoteza haki yake inaeleweka, kwa kuwa historia ya mifupa ya nchi hii imejaa safari za kwenda bila kurudi. Dawa yake ni leseni iliyoandikwa wazi: shule bure, biashara kwa kibali, jina la Tanzania lisifutwe. Afrika Kusini ilipotangaza Homo naledi mwaka 2015, maumbo ya mifupa yake yaliwekwa hadharani mara moja, na Kenya ina maktaba ya kidijitali ya masalia ya Turkana iliyoanzishwa na Louise Leakey. Wote hao bado wana mifupa yao.

Pili, Taasisi ya Elimu ichapishe kadi za alama ndani ya kitabu cha kiada. Zipo njia mbili za kukifanya kishikwambi kijue fuvu likae wapi. Moja huipima sakafu na kuta kwa vihisio, na vifaa vingi vya bei nafuu haviiwezi. Nyingine husoma alama nyeusi na nyeupe iliyochapishwa kwenye karatasi, ikatosheka na kamera ya kawaida. Imekuwepo tangu miaka ya 1990. Shule za vijijini zinahitaji hiyo ya pili. Kila kadi iwe na mstari wa sentimita 10 pembeni, mwalimu aupime kwa rula kabla ya kuanza, kwa sababu kadi iliyopunguzwa na fotokopi hulipunguza na fuvu. Mafaili yapunguzwe uzito hadi kila fuvu lisizidi megabaiti 10, yapakuliwe mara moja kutoka Maktaba Mtandao ya Taasisi, kisha yafanye kazi bila bando.

Tatu, kila kipande kilichopatikana kionekane kwa rangi yake ya kisukuku, na kila kilichokisiwa kiwe cheupe. Nyama na ngozi zije mwisho, kwa kubonyeza, zikiwa na sura mbili au tatu tofauti zilizochorwa na wasanii wa Kitanzania kwa ushauri wa wataalamu kutoka fuvu lile lile, mtoto aone mwenyewe wapi ujuzi unakoma.

Nne, nyayo zitoke mezani, ziende uwanjani. Nyayo za mmoja wa wale wa eneo S zina urefu wa sentimita 26 hivi. Ndogo za eneo G zina 18 hivi. Zikitandazwa juu ya mchanga wa uwanja wa shule kwa ukubwa wa kweli, watoto watatembea kando yake, watapima hatua, watalinganisha na nyayo zao. Unyayo wa mtu wa leo ni kama asilimia 15 ya kimo chake. Kwa hesabu hiyo darasa litafikia lenyewe kimo cha sentimita 173 hivi kwa yule wa eneo S, kikizidi kidogo 165 walizokadiria watafiti. Somo la historia na la hisabati yatakuwa yamefanyika kwa kipindi kimoja.

Tano, majina ya waliookota yasomwe kwa sauti ndani ya programu. Taya la Laetoli lililotumika mwaka 1978 kutangaza jamii ya Australopithecus afarensis liliokotwa mwaka 1974 na Maundu Muluila. Fuvu la habilis OH 24 lilipatikana na Peter Nzube mwaka 1968. Vitabu hutaja ukoo mmoja tu, wa Leakey, na mtoto hujifunza, bila kuambiwa, kwamba macho ya kuona masalia ni ya wageni.

Sita, Makumbusho ya Taifa iiandikie rasmi ile ya Kenya kuhusu umbo la Mtoto, na maelezo yake yasomwe na watu wa pwani kabla ya kutolewa.

Gharama ya kutofanya haya haitasubiri. Programu za zamadamu zitakuja tu, zimeanza kuja, kwa lugha za kigeni na kwa ada, zikimwonyesha mtoto wa Tanga Oldupai iliyotungwa na watu wasiowahi kuikanyaga. Mitihani itaendelea kuuliza Zinj aligunduliwa mwaka gani na nani, na majibu yataendelea kuwa sahihi bila aliyejibu kujua fuvu lile linatosha kiganja au kapu.

Majaribio yaanze kabla ya toleo lijalo la vitabu kwenda mtamboni, katika wilaya chache zilizo mbali na Ngorongoro, Mkinga ikiwemo. Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya vishikwambi vilivyowashwa. Wanafunzi wapewe fuvu la Zinj kwenye kioo, waulizwe ni sehemu gani iliyotoka ardhini na ni ipi iliyoongezwa na binadamu wa leo, na waeleze wamejuaje. Watakaposhindwa, programu irudishwe kwa watengenezaji.

Maramba, Wilaya ya Mkinga, Tanga.